Gari langu linadai haki

Siku niliposajili gari hapa Washington, D.C., mji mkuu wa Marekani, nilikabidhiwa pleti yenye maandishi chini ya namba. Nikadhani ni mambo ya utalii. Jioni nikiwa naikaza skrubu ya mwisho ndipo nikayasoma vizuri: komesheni kodi bila uwakilishi. Yaani jiji limenipa bango la maandamano, tena nimelilipia!

Nilipomweleza mama kwenye simu, akauliza, "Kwani hapo kwa Rais hakuna mbunge?" Yupo. Tangu 1991 mjumbe amekuwa Eleanor Holmes Norton. Anazungumza, anakaa kwenye kamati, lakini muswada ukifika kura ya mwisho hapigi. Seneti ndiyo jiji halina mtu kabisa, kwa sababu si jimbo. Mama akacheka: "Basi huyo ni mgeni mwalikwa."

Muhula uliopita, darasa letu la jioni lilipewa hotuba za wanaotaka Washington iwe jimbo na za wanaokataa, tueleze kila upande unatushawishi vipi. Wanaotaka wana akili. Wameichukua kauli ya Wamarekani waliomgomea mfalme wa Uingereza, wakawarudishia wajukuu zao. Ukiwapinga, unajikuta umesimama upande wa mfalme. Halafu wanamwaga namba: sensa ya 2020 ilihesabu watu 689,545 hapa, na 576,851 jimbo la Wyoming. Wyoming ina maseneta wawili.

Wapinzani nao wana hoja nzito, wakiitumia. Mwaka 1783 askari waliodai mishahara yao walilizingira Bunge kule Philadelphia, Pennsylvania ikasita kuleta ulinzi, wabunge wakakimbilia Princeton. Ndiyo maana James Madison, mmoja wa waasisi wa katiba ya Marekani, alitaka serikali kuu iwe na eneo lake, isitegemee hisani ya jimbo. Hapo nilianza kuyumba, mpaka nilipoona muswada wenyewe unaliacha Bunge na Ikulu nje ya jimbo jipya.

Lakini hoja hiyo wanaiharibu wenyewe. Machi 2021 mbunge Jody Hice wa Georgia alisema Washington ingekuwa jimbo pekee lisilo na uwanja wa ndege, dampo wala yadi ya kuuza magari. Akaambiwa yadi zipo, akaomba radhi. Mwaka mmoja kabla, Seneta Tom Cotton aliisifia Wyoming kuwa ni jimbo la wafanyakazi: migodi, magogo, ujenzi. Jirani yangu, dereva wa basi mstaafu, bado hajalisahau hilo. "Kwa hiyo mimi miaka yote ile nilikuwa nacheza?"

Kwenye insha niliandika kwamba pande zote mbili zinakwepa kulitaja jambo lenyewe. Mwaka 2020 Joe Biden wa Democratic alipata zaidi ya asilimia 90 ya kura za jiji hili, kwa hiyo kila mtu anajua maseneta hao wawili wangekuwa wa chama gani. Mmoja anahubiri haki kana kwamba hajalifikiria hilo, mwingine anamtaja Madison kana kwamba yeye mwenyewe angekataa hata kama jiji lingekuwa la chama chake, Republican. Mwalimu akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: ushahidi? Ushahidi wangu ni kura. Aprili 2021 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada kwa 216 dhidi ya 208, wote waliopiga kura wakifuata vyama vyao. Seneti haikuupigia kura.

Mimi nina grinikadi, si raia. Washington ikiwa jimbo kesho, maseneta hao sitawapigia kura, na kodi ya Aprili nitalipa kama kawaida.