Kumbukumbu ya mradi: viwanja kutoka faili za .shp (faili za ramani) kwenda PostGIS (kanzidata ya ramani)

Hali ya sasa: viwanja vya Dar es Salaam vimeshaingia na kukaguliwa. Vya Dodoma bado viko kwenye jedwali la muda, sababu iko huko chini.

Koordineti kwanza

Kunakili data ni kazi ya dakika chache. Kinachokula muda ni kujua namba zilizomo kwenye faili ni za mfumo gani, hasa faili ya .prj (inayotaja mfumo wa koordineti) ikikosekana. Ramani za upimaji za zamani Tanzania ziko kwenye Arc 1960 (mfumo wa zamani wa koordineti), na kwa Dar es Salaam hiyo ni UTM (gridi ya mita iliyogawanywa kwa kanda) kanda ya 37 kusini (EPSG:21037, yaani msimbo wa mfumo huo). Vipimo vya GPS mara nyingi huja kwenye WGS 84 (EPSG:32737). Kwa macho huwezi kuzitofautisha, maana zote zina tarakimu sita kwenda mashariki na tarakimu saba zinazoanza na 92 kwenda kaskazini.

Namba za Arc 1960 zikibandikwa msimbo wa WGS 84, kiwanja huonekana kama mita 300 kaskazini na mita 90 hivi magharibi ya mahali pake. Umbo ni lile lile, eneo ni lile lile, na programu haitoi kosa lolote. Kipimo changu: chukua kona ya barabara inayoonekana vizuri kwenye picha ya satelaiti, pima imepishana na mpaka wa kiwanja kwa kiasi gani. Ukikuta mita 300 kwa mwelekeo huo, hakuna haja ya kutafuta mchawi.

Ukikosea 32737 ukaandika 32637 (kanda ya 37 kaskazini), viwanja vinakwenda karibu na Ncha ya Kaskazini. Hilo ni kosa jema, linajitangaza lenyewe.

Kosa baya ni la kati. Kutoka Arc 1960 kwenda WGS 84 kuna mageuzi zaidi ya moja: la jumla kwa Kenya na Tanzania (-160, -6, -302, yaani mita za kusogeza kwenye X, Y na Z) na la Tanzania peke yake (-175, -23, -303). Kwa Dar es Salaam majibu yake hupishana kama mita 5. Mita 5 kwenye kiwanja cha makazi ni ukuta wa jirani. Kabla ya kubadilisha chochote, orodhesha mageuzi yaliyopo:

`projinfo -s EPSG:21037 -t EPSG:32737 --summary`

Chagua moja, liandike kwenye maelezo ya jedwali, na kila anayegusa data atumie hilo hilo. PostGIS 3.4 na kuendelea ina `ST_TransformPipeline`, inayokuruhusu kutaja mageuzi unayoyataka badala ya kuiachia programu ijichagulie.

Kuingiza

Naingiza namba kama zilivyo kwa `ogr2ogr` (programu ya GDAL ya kuhamisha data za ramani), mageuzi yanafanyika ndani ya kanzidata. Namba za ramani ya upimaji ndizo zenye uzito kisheria, hazitakiwi kupotea njiani.

`ogr2ogr -f PostgreSQL PG:"dbname=ardhi" viwanja.shp -nln muda.viwanja_ghafi -nlt PROMOTE_TO_MULTI -a_srs EPSG:21037 -lco GEOMETRY_NAME=geom -lco PRECISION=NO`

`-a_srs` hubandika lebo tu bila kugusa namba. `-t_srs` hubadilisha namba zenyewe. Ndani ya PostGIS mtego ni ule ule kati ya `ST_SetSRID` na `ST_Transform`. Bila `PROMOTE_TO_MULTI`, kiwanja cha kwanza chenye vipande viwili kinasimamisha kazi. `PRECISION=NO` inazuia kosa la namba kuzidi upana wa safu uliotoka kwenye .dbf (faili ya maelezo inayoambatana na .shp).

Majina ya safu kwenye .dbf hayazidi herufi 10, na Kiswahili kinaumia hapo: `namba_ya_kiwanja` na `namba_ya_kitalu` zote hukatwa zikawa `namba_ya_k`, na GDAL ikiziandika huipa ya pili jina `namba_ya_1`. Tumia `kiwanja` na `kitalu`, basi. Namba ya kiwanja iwe maandishi, kamwe isiwe tarakimu: 012 hugeuka 12, na kiwanja 4/2 kikipitia Excel hutoka kikiwa tarehe.

Ukaguzi

`ST_IsValidReason` huonyesha poligoni inayojikata na mahali inapojikata. Mara nyingi ni bikoni (alama za kona za kiwanja) mbili zilizoingizwa kwa mpangilio uliopinduka. Usikimbilie `ST_MakeValid`: itakupa pembetatu mbili halali kabisa ambazo hakuna mpimaji aliyezipima. Fungua ramani ya upimaji, panga bikoni upya.

Kutafuta viwanja vinavyoingiliana, `ST_Overlaps` haitoshi. Viwanja viwili vinavyofanana kabisa, au kimoja kilicho ndani ya kingine, inavipita kimya. Natumia:

`SELECT a.id, b.id FROM viwanja a JOIN viwanja b ON a.id < b.id AND ST_Intersects(a.geom, b.geom) WHERE ST_Area(ST_Intersection(a.geom, b.geom)) > 0.5;`

Tengeneza faharasa ya GIST (ya kuharakisha utafutaji wa maumbo) kwanza, la sivyo utasubiri sana.

Eneo nalo lina mambo yake. Meridiani ya kati ya kanda ya 37 ni nyuzi 39 mashariki, Dar es Salaam iko karibu nayo, na umbali wa ramani hapo ni 0.9996 ya umbali wa ardhini. Kwa eneo ni 0.9992: hekta moja iliyopimwa ardhini husomeka mita za mraba 9,992 kwenye `ST_Area`. Kwa hiyo kuna safu mbili, `eneo_hati` na `eneo_ramani`, na ya pili haiandikwi juu ya ya kwanza hata tofauti ikiwa ndogo.

Dodoma

Nyuzi 36 mashariki inaukata mkoa. Dodoma mjini ni kanda ya 36 (EPSG:21036), Kongwa ni ya 37. Faili lililochanganya zote mbili bila safu ya kanda haliingii: ukilazimisha kanda ya 37, viwanja vya mjini vinahamia Bahari ya Hindi. Kinachofanyika sasa ni kutenganisha kwa kata, kila kanda ibaki na jedwali lake, na jedwali la pamoja la kuonyesha tu liwe kwenye EPSG:4326 (latitudo na longitudo kwa nyuzi). Vipimo vya eneo havitoki huko.