Baiskeli isiyo na jina

Niliinunua kwa elfu sitini hapa Tanga, ikiwa imeegemezwa kwenye lundo la baiskeli za mtumba. Ilikuwa na tairi nene za inchi 26, breki za mikono miwili inayobana rimu, na fremu iliyopakwa kwa brashi ile rangi ya kijani ya mageti. Aliyeipaka hakubagua, hadi cheni ilikuwa kijani. Muuzaji aliapa kuwa ni ya Mjerumani. Fundi wangu pale Ngamiani akaigonga kwa spana mara moja tu, akatoa hukumu: "Mwalimu, hii Raleigh."

Nilimuuliza amejuaje. Akasema nzito.

Nikaanza kukwangua. Chini ya kijani kulikuwa na zambarau iliyopauka, na kwenye bomba la fremu lililo chini ya kiti kibandiko kidogo chenye maandishi ya Kijapani na namba. Binti yangu akakielekezea simu ikamtafsiria: polisi wa Osaka. Nikashtuka, nikadhani nimeuziwa mali ya wizi! Kumbe ni kinyume chake. Kule Japani baiskeli husajiliwa ili ikiibiwa itambulike, na hicho ndicho kibandiko cha usajili. Mjerumani akafa hapo.

Jina la fremu halikuonekana popote, lakini vifaa ni vya Shimano, kampuni ya Kijapani ya vipuri vya baiskeli, na Shimano wa zamani hawafichi umri. Tafuta herufi mbili ndogo zilizogongwa nyuma ya mkono wa pedali. Ya kwanza ni mwaka, kuanzia A ya 1976, na ya pili ni mwezi, A ikiwa Januari. Yangu ilisomeka OL, yaani Desemba 1990. Kile kidude cha mbele cha kuhamishia cheni kiliandikwa OK. Nilicheka, nikidhani mkaguzi wa kiwandani alikuwa anaweka alama ya kupasisha. Ni Novemba 1990. Cha nyuma, PB, Februari 1991. Habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, peke yake ilinichanganya, WE, Mei 1998, hadi nilipokumbuka kwamba gurudumu hubadilishwa. Basi baiskeli iliunganishwa mwaka 1991 hivi, na mwenyewe akaitumia vya kutosha kumaliza gurudumu.

Utambuzi ulichukua jioni mbili. Kuchomoa bomba linalobeba kiti kulichukua mwezi. Ni la aluminiamu ndani ya fremu ya chuma, na vitu hivyo viwili vikikaa pamoja na unyevu wa chumvi bila grisi, aluminiamu huota ukoga mweupe, ikavimba na kushikana na chuma. Nilimimina mafuta ya kulegeza nati kila usiku. Nikamwagia maji ya moto. Tukalibana kwenye jiliwa na kuizungusha fremu nzima, watu wawili, likatucheka. Mwishoni nilikata kichwa chake, nikaingiza kipande cha msumeno wa chuma ndani na kulichana kwa urefu, taratibu, nikihesabu misukumo ili nisile fremu. Siku tatu. Lilipotoka, kitambi changu na mimi tulikaa chini kabisa.

Tundu likapima milimita 26.8. Madukani nilipata 27.2 tu. Mchonga vyuma mmoja akalipunguza hizo sehemu nne za kumi za milimita kwenye mashine yake kwa elfu tano, kazi safi kuliko ya kiwandani. Safari hii nimepaka grisi mpaka ikamwagika.

Mengine yalikuwa ya kawaida: goroli mpya, nyaya, mafuta ya taa kwenye cheni. Sikupaka rangi. Nimeiacha zambarau na makovu yake, na kibandiko cha Osaka sijakigusa.

Asubuhi naiendesha hadi Raskazone. Jina lake bado silijui, na fundi wangu bado anaiita Raleigh. Gia za mbele hazibadiliki kwa sababu kibadilishio cha kushoto kimekatika. Ni kile cha kusukuma kwa dole gumba, juu ya usukani, cha gia tatu. Mwenye nacho hata kibovu, aniambie bei.