Saa ya Kiswahili kwenye fomu ya boti

Ami yangu hapa Amu (Lamu) anapeleka wageni Shela na Manda kwa boti, na kwenye ukurasa niliomtengenezea picha hazimshughulishi, anachotaka ni saa. Mgeni akiandika 2 anamaanisha mchana, nahodha anasoma saa mbili, asubuhi yake ashakunywa chai, mashine inanguruma, mgeni hayupo, ugomvi.

Sasa dawa ni ukurasa wenyewe uigeuze saa iwe ya Kiswahili, lakini HTML, lugha ya kupanga ukurasa, peke yake haihesabu kitu, kwa hivyo hapo inaingia JavaScript, inayosomwa na brauza kwenye simu ya mgeni mwenyewe. Hesabu yenyewe nyepesi: chukua saa kuanzia 0 hadi 23, ongeza 6, gawa kwa 12 ushike baki, baki ikiwa sufuri weka 12. Saa 14 inakuwa 20, baki 8, saa nane. Mgeni akigusa kisanduku cha saa, msimbo wa JavaScript unaamka na maandishi ya chini yanageuka papo hapo kuwa "saa nane mchana", bila ukurasa kujipakia upya.

Lugha yenyewe Brendan Eich aliitunga Netscape mwaka 1995 kwa siku kama 10, na haraka hiyo wallahi bado unaiona, mfano getMonth inaanza kuhesabu Januari kwa 0, sijui nani alimtuma. Kingine, ukitaka kuonyesha saa ya sasa hivi, new Date inafuata saa ya simu, na kama mtu anabuku akiwa bado Roma ataona saa ya Roma, kwa hivyo unapoiandika kwa toLocaleString itajie timeZone ni Africa/Nairobi yaishe.

Najua kuna watakaosema mbona hukutumia React, ile maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa. Kwa fomu moja jamani? Hii ni mistari kumi na kitu, haimli mtu bando, na inafunguka hata mtandao ukiwa wa kusuasua. Ila ukaguzi wa kwenye brauza ni wa kumsaidia mgeni tu, si ulinzi, mtu anaweza kuzima JavaScript akatuma anachotaka, lazima seva ikague tena.

Ami sasa anataka na maji kujaa na kupwa. Hiyo si ya kuongeza sita, inataka jedwali, na yeye anayajua kwa mwezi kuliko simu yoyote, basi nimemwekea kisanduku aandike mwenyewe kila asubuhi.