Nilivyoshona Nyota ya Ohio

Kikundi chetu cha ushonaji hapa Columbus kilipoamua kutengeneza blanketi la viraka ambalo kila mmoja angelichangia mraba wa inchi 12, mimi nilichagua Nyota ya Ohio, mtindo wa zamani wa visanduku tisa unaobeba jina la jimbo hili. Ndiyo nyota iliyochorwa kwenye ghala moja katika kaunti ya Adams mwaka 2001, Donna Sue Groves alipotaka kumheshimu mama yake, fundi wa mablanketi ya viraka, na desturi hiyo ikaenea mbali.

Rangi nilizichukua kwenye bendera ya jimbo: nyota nyeupe, uwanja wa bluu, na katikati duara jekundu la inchi 2 nililolishona kwa mkono. Bendera hiyo ina nyota 17 kwa sababu Ohio, mwaka 1803, lilikuwa jimbo la 17 kujiunga na Muungano wa Marekani. 13 zimelizunguka duara kwa ajili ya majimbo ya mwanzo, na 4 zimekaa upande mmoja wa duara. Nilifurahi sana nilipogundua kwamba mraba wangu una kona nne hasa, kwa hiyo nilidarizi nyota moja katika kila kona, na 13 ndogo za uzi wa bluu kulizunguka duara.

Kazi ngumu ilikuwa pembetatu zinazounda ncha za nyota. Miraba mitano ya kawaida, ya kona na ya katikati, nilikuwa nimeikata inchi 4½ ili ibaki 4 baada ya mshono wa robo inchi kila upande, nami nikadhani kipimo hicho kingefaa pia kwa miraba ya kukatwa mara mbili kwa mshazari. Visanduku vya pembetatu vilipungua robo tatu ya inchi, vikakataa kabisa kuungana na kona. Nilifumua kila mshono, nikakata upya miraba minne, miwili myeupe na miwili ya bluu, kwa inchi 5¼, kwa sababu kisanduku cha pembetatu nne huhitaji nyongeza ya inchi 1¼ badala ya nusu. Safari hii nilizipiga pasi kwa kukandamiza bila kuburuta, maana ukingo uliokatwa mshazari huvutika upesi.

Sikuweka ishara za siri ambazo husemwa mablanketi yaliwaonyesha njia watumwa waliotoroka, kwani wanahistoria hawajapata ushahidi wa kutosha kwamba mablanketi yalitumika hivyo. Lakini watumwa hao walivuka kweli Mto Ohio kutoka Kentucky, wengine wakielekea nyumba ya mchungaji John Rankin, aliyewasaidia watoro, juu ya kilima katika mji wa Ripley. Kwa ajili yao nilipitisha chini ya nyota mstari mmoja wa mshono unaopinda kama mto. Ncha zote nane zilisimama robo inchi kutoka ukingoni, bila hata moja kukatwa.