Siku moja ya kusahihisha insha ya vijiji vya ujamaa

Saa 12 asubuhi. Insha ya kozi ya historia inatakiwa leo kabla ya saa 10 jioni. Rasimu ilikamilika juzi, na jana sikuigusa kwa makusudi. Ukiisoma kazi ikiwa bado ya moto, unasoma ulichotaka kusema, si kilichoandikwa.

Saa 2. Maktaba, kiti cha karibu na soketi (wanaosoma chuo wananielewa). Sianzi na koma. Pembeni mwa kila aya naandika kwa maneno machache inadai nini. Swali linauliza kwa nini sera ya vijiji vya ujamaa, yaani wakulima wa Tanzania kuishi na kulima pamoja, haikufikia malengo yake, na aya yangu ndefu ya Azimio la Arusha la Februari 1967, tamko la siasa ya ujamaa, inasimulia tu: nani alikutana wapi, nini kikatangazwa. Inasomeka vizuri mno, ila haijibu kitu. Naikata, zinabaki sentensi mbili. Roho inauma.

Saa 4. Hapa ndipo penye kazi. Rasimu inasema wakulima "walilazimishwa kuhamia vijijini". Lini? Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alisisitiza hiari. Ni Novemba 1973 ndipo ilipotangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri, na ukomo ukawekwa mwisho wa 1976. Katikati kuna miaka ya kushawishi, na kuna Ruvuma, kusini mwa nchi, ambako wakulima walikuwa wameanzisha vijiji vyao wenyewe chini ya chama chao cha maendeleo. TANU, chama tawala, ikakivunja chama hicho mwaka 1969. Kwangu hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote, nami nilikuwa nimeifukia ukurasa wa saba! Naipandisha juu.

Halafu uhaba wa chakula. Siwezi kuutwika uhamishaji peke yake wakati ukame wa 1973 na 1974 ulikuwepo, na bei ya mafuta duniani ilipanda vilevile. Nalegeza dai: uhamishaji ulichangia, na naeleza kwa njia gani, watu kuhamishwa msimu wa kilimo na kuacha mashamba yao mbali. Dai dogo lenye ushahidi linanitosha.

Saa 7. Wali maharage.

Saa 8. Nasoma kwa sauti chini ya mwembe. Wapita njia wananitazama, lakini sentensi inayonikata pumzi naigawa palepale. Kisha marejeleo: kila jina lililomo ndani ya insha liwe kwenye orodha, mwaka ulingane, na kila nukuu iwe na ukurasa wake. Kazi ya kuchosha, haina mkato.

Saa 9. Steshenari, foleni hadi nje. Nimehifadhi kwa PDF, maana kompyuta za huku zina tabia ya kuhamisha vichwa vya habari.

Saa 9 na nusu. Nasaini daftari la kupokelea kazi, naenda kutafuta chipsi mayai. Insha ya Vita vya Kagera ni ya wiki ijayo, na kitabu sijakifungua.