Nzi wa machungwa

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Hivi ni kweli umepanda ndege mpaka Marekani kwenda kutazama nzi?"

Ni kweli. Tena ni wale wale wadogo, wenye macho mekundu, wanaozengea machungwa yake yaliyoiva kupita kiasi pale Muheza. Tangu Januari nashinda nao maabara. Chakula chao ni unga wa mahindi, molasi na hamira, kwa hiyo chumba kizima kinanuka togwa iliyochacha.

Chuo chetu hapa Ohio ni kidogo, hakina wanafunzi wa uzamili. Profesa akitaka mikono ya kazi, ni sisi wa mwaka wa pili, ambao tukitoka hapo tunakimbilia kipindi cha historia ya Wagiriki. Ndivyo vyuo hivi vilivyo: hata mtu wa sayansi haachwi na sayansi yake tu.

Kazi inayonikosesha usingizi ni kutafuta mabikira. Jike akishatoka kwenye ganda lake, katika joto la nyuzi 25, una kama saa 8 za kumtenga na madume. Ukichelewa hafai tena, maana huhifadhi mbegu, na watoto hutajua ni wa nani. Nawapulizia kaboni dioksidi walale, kisha nawachambua kwa brashi ya rangi chini ya darubini. Dume ana ncha ya tumbo nyeusi. Bikira amepauka, na tumboni bado ana kidoa cheusi.

Mwezi Machi dume mmoja aliniponyoka, akabaki na mabikira. Mmoja! Siku 10 baadaye watoto wakatoka mchanganyiko, hesabu haishiki popote. Profesa akasema tu, "Andika kwenye daftari, weka na tarehe." Sekondari taitresheni ya kemia ikikukataa ulichungulia ya jirani, jibu mwalimu analo tangu asubuhi. Hapa utamchungulia nani?

Mwaka 1911 Alfred Sturtevant, akiwa bado anasoma shahada ya kwanza Chuo Kikuu cha Columbia, alibeba nyumbani takwimu za nzi kutoka maabara ya Thomas Hunt Morgan, profesa aliyechunguza urithi kwa nzi hawa hawa. Alfajiri alikuwa na ramani ya kwanza ya jeni, yaani jinsi vinasaba vilivyopangana kwenye kromosomu ya X, masomo mengine kayaacha kando. Mimi insha ya Wagiriki nimeichelewesha siku mbili, na ramani sina.

Bibi akataka kujua kama tumeshapata dawa ya kuwafukuza.

"Hapana bibi, sisi tunawafuga."

Kimya kirefu.

"Haya. Ukirudi njoo uchukue wa kwangu, bure."