Siku moja maishani mwangu: machipuko yamepiga hodi bustanini

Saa 12:15 asubuhi. Chai itasubiri. Navaa viatu vya mpira natoka nje, maana mwanzoni mwa Aprili bustani haiachi siku ipite bila jambo jipya. Nyasi zimelowa umande tu, hazivunjikivunjiki chini ya kiatu, kwa hiyo usiku wa jana haukuleta sakitu, ule umande ulioganda. Ndege wameanza kuimba tangu giza. Huku kaskazini mwa dunia, siku za karibu na tarehe 20 Machi, mchana na usiku vinapolingana, ndizo ambazo mwanga huongezeka kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, nao wanajua.

Saa 1. Nainama kwenye tuta la tulipu. Matumba yamefumba bado, kijani kibichi chenye mstari mwekundu unaoanza kupenya ukingoni. Nayapenda hivi, pengine kuliko yakishafunguka. Tulipu huhitaji takribani wiki 12 hadi 16 za baridi zikiwa ardhini. Zikikosa, shina hutoka fupi au ua lisitoke kabisa. Ile baridi ya Januari iliyotufungia ndani ndiyo iliyoziandaa mashina haya yarefuke. Ndiyo maana siwezi kuuchukia msimu wa baridi.

Saa 3 kazi inaanza. Kazi yangu ni kuhariri nyaraka, na meza nimeiweka dirishani kwa makusudi.

Saa 6:30 jua limepata nguvu, nachukua mapumziko mapema. Mplamu umejaa maua meupe, na kati ya maua yupo malkia wa nyuki-bambi, mnene, mwenye manyoya, mgongo umepakaa chavua. Nasimama karibu kabisa, hanijali. Anatua, anazama uani mpaka kichwa hakionekani, anatoka, anahamia jingine. Kisha anatulia juu ya jani, tumbo likipanda na kushuka haraka haraka: huitetemesha misuli ya kurukia bila kupiga mabawa ili apate joto, na ndiyo sababu anaweza kuruka siku ambazo nyuki wa asali wamebaki mzingani. Huyu amelala peke yake ardhini majira yote ya baridi, akiwa tayari amepandishwa tangu mwaka jana. Kundi lote la kiangazi linamtegemea yeye mmoja, na sasa hivi anatafuta chakula na shimo la kutagia, mara nyingi kiota kilichoachwa na panya. Ndiyo maana namwomba kila mwenye bustani apande kitu kinachochanua mapema. Chakula cha wiki hizi ni haba, na njaa ikimpata yeye, kundi zima halitazaliwa.

Saa 7 na kitu, udongo. Hapa kalenda siiamini. Nachota konzi moja, naifinya, nafungua kiganja: donge likibaki limenata, bado kuna maji mengi na kulima sasa ni kuushindilia udongo; likimong'onyoka kwa kidole, twende kazi. Leo limemong'onyoka. Kipimajoto nilichokichomeka ardhini kinasoma nyuzi 8. Njegere zinaridhika, humea hata kwenye nyuzi 5 au 6, ila polepole. Maharage yatasubiri mpaka 12 angalau, na nyanya bado ziko kwenye vikopo. Nachimba mfereji, namwaga njegere, nafukia. Nyungunyungu wawili wanajikunja kukwepa mwanga. Na ile harufu! Harufu ya udongo uliochimbuliwa hutokana hasa na bakteria waishio ndani yake, na mimi kila mwaka huingoja kwa hamu.

Mchana kuna kikao kirefu. Kinapita.

Saa 10:30 namalizia nyaraka na kuchukua mkasi wa kupogolea. Mabua makavu ya mwaka jana sikuyakata, kwa kuwa wadudu hulala ndani yake msimu mzima. Hata sasa siyachomi. Nayafunga mafungu na kuyaegemeza ukutani, watoke kwa wakati wao. Dafodili zilizokwisha kuchanua nazikata vichwa tu, majani nayaacha wiki 6 hivi, maana ndiyo yanayolisha tunguu kwa ajili ya mwaka ujao. Majirani wanaoyafunga mafundo ili bustani ipendeze wanaipunguzia mimea mwanga inaouhitaji.

Saa 12:30 jioni natazama juu. Hakuna wingu hata moja, upepo umekufa. Jioni kama hii ni nzuri machoni, lakini pasipo mawingu joto la ardhi hupanda moja kwa moja angani, na alfajiri sakitu inaweza kushuka. Miche ya nyanya iliyokuwa nje kuzoea hewa nairudisha ndani. Saladi nazifunika kwa kitambaa chepesi na kukibana pembeni kwa mawe. Mtofaa ndio unaonipa wasiwasi: matumba yake yameshaanza kuonyesha rangi ya waridi, na joto likishuka chini ya nyuzi 2 hasi, baadhi hufa. Ni mkubwa mno kufunikwa wote, kwa hiyo nafunika matawi ya chini ninayoyafikia, na saa 11 alfajiri nitakuwa nje tena na kipimajoto.